Furaha ya Ghafla Inapogoma: Dalili, Vyanzo na Matengenezo kwa Waandishi wa Fantasia

Mji umezingirwa, maji yameisha, shujaa amepiga magoti na adui ameshainua upanga. Halafu, ndani ya kurasa mbili, kila kitu kinageuka, na msomaji aliyekwisha kata tamaa anajikuta anatokwa na machozi ya furaha. Katika riwaya ndefu ya kifantasia hakuna ukurasa wenye mzigo mzito kuliko huo. Ukisimama imara, msomaji atakusamehe majina magumu na safari ndefu za jangwani. Ukilegea, ataona amedanganywa tangu mwanzo, hata kwenye sura ulizoziandika vizuri.

Mwongozo huu ni wa wanaoandika hadithi za namna hiyo kwa Kiswahili, na hasa sisi wa Dodoma na mikoa ya kati tunaosomeana miswada na kuambiana ukweli. Nimeupanga kwa kufuata maneno ambayo msomaji wa kwanza huyatamka akimaliza kusoma, kwa sababu mwandishi akiachiwa atafute kosa peke yake hulitafuta mahali lisipokuwepo. Hurudi kuchokonoa ukurasa wa mgeuko wenyewe: anaongeza radi, anarefusha hotuba, anamwaga machozi zaidi. Karibu kila mara chanzo kiko nyuma, sura kumi au ishirini kabla, na huko ndiko kalamu inakotakiwa kwenda.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni ili tusipotee. Tuseme riwaya ina mji wa mawe kando ya Mto Bubu, mto unaoshuka kutoka Kondoa na kumwaga maji yake kwenye bonde la Bahi. Ni mwisho wa kiangazi na mto ni mchanga mtupu. Jeshi la adui limepiga kambi ndani ya mto huo, chini ya kivuli cha miti ya kingoni. Ndani ya mji yupo Nyemo, binti mchunga mbuzi. Usiku wa kuamkia shambulio la mwisho, maji yanashuka kutoka juu na kulizoa jeshi zima.

"Haya maji yametoka wapi?"

Hii ndiyo dalili inayojitokeza kuliko zote. Msomaji hakatai kwamba mafuriko yanawezekana. Anachokataa ni kwamba yamekuja kwa sababu mwandishi alibanwa. Kilio hiki ni cha zamani sana: zaidi ya miaka 2,300 iliyopita mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliukosoa mwisho wa tamthilia ya Medea ya Euripides, ambapo mwanamke anatoroka kwa gari la Jua lililokuja kumchukua, akisema ufumbuzi wa hadithi utoke ndani ya hadithi yenyewe.

Pima hivi. Mpe mtu mswada, lakini umkate sura moja kabla ya mgeuko. Mwambie akutajie mambo yote ambayo bado yanaweza kutokea. Kama mafuriko hayamo kabisa kwenye orodha yake, mgeuko wako hauna mizizi. Kama ndiyo ya kwanza kutajwa, ruka hadi dalili inayofuata. Unachotaka ni ayataje mwishoni, kwa kusitasita, au asiyataje lakini ukimkumbusha apige paji la uso.

Mizizi inayotakiwa ni ya aina mbili, na waandishi wengi hupanda mmoja tu. Wa kwanza ni wa dunia yenyewe: jambo hili huwa linatokea katika nchi hii. Hapo sisi wa kati tuna utajiri ambao hatuutumii. Huku mvua ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma kama Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni milimita 500 hadi 600 hivi. Mito mingi ni ya mchanga. Anayeishi kando yake anajua kwamba maji yanaweza kufika mahali ambapo halijadondoka tone, juu kukiwa kweupe na jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha milimani. Basi katika sura ya tatu bibi yake Nyemo anawafukuza watoto na mbuzi kutoka mchangani kwa fimbo, kwa kuwa upande wa Kondoa kumekuwa kweusi. Dunia imeshazungumza.

Mzizi wa pili ni wa tendo la mtu, na huu ndio unaotofautisha mgeuko wa furaha na habari ya hali ya hewa. Kwa nini jeshi limelala mtoni? Ukijibu "kwa sababu ni wajinga," umepoteza. Jaribu hivi: miezi kadhaa nyuma Nyemo alimkuta mvulana mpelelezi wa adui anakufa kwa kiu. Wenzake walitaka amalizwe. Yeye akafukua mchanga, akamchotea maji ya kisima cha mtoni, akamwacha aende zake. Mvulana akaenda kumwambia jemadari wake kwamba chini ya mchanga ule kuna maji. Ndiyo maana jeshi limeweza kukaa miezi mitatu mtoni bila kiu wakati mji unakauka. Huruma ya Nyemo ndiyo iliyoleta maangamizi, na mji mzima unamwambia hivyo usoni. Mpaka usiku ule maji yanaposhuka, na huruma ileile inageuka kuwa wokovu ambao hakuna shujaa angeweza kuupanga.

Angalia kwamba Nyemo hakujua. Angekuwa amekusudia, ingekuwa hila ya kivita. Hila huleta kicheko na makofi, na hivyo ni vitu vizuri, lakini havimtoi mtu machozi. Mgeuko wa furaha unahitaji mema yaliyotendwa bila kutegemea malipo, yakaonekana ni upumbavu, kisha yakarudi.

"Nilijua tangu sura ya tatu."

Mwandishi aliyekwisha kukosolewa kwa dalili ya kwanza huangukia hapa. Amepanda mbegu, lakini ameipanda katikati ya njia na kuiwekea bendera. Bibi anasimama, anawatazama wajukuu wote, anatamka kwa sauti nzito kwamba mto una siku yake. Msomaji anajibu moyoni: sawa, kuna mafuriko.

Chanzo ni kwamba mbegu haina kazi nyingine siku inapopandwa. Ipo kwa ajili ya baadaye tu, na msomaji wa hadithi ananusa kitu kisicho na kazi. Dawa yake ni kuipa mbegu ajira ya siku hiyohiyo. Bibi asitoe unabii, agombane. Nyemo amechelewesha mbuzi mtoni kwa sababu alikuwa anacheza bao la mchangani na rafiki yake, bibi amekuja na fimbo na hasira, na ugomvi huo ndio unaomfanya Nyemo aondoke nyumbani jioni ile na kukutana na mvulana. Msomaji atakumbuka ugomvi. Mawingu ya Kondoa yatalala chini yake kimya.

Hakuna aliyelifanya hili vizuri kuliko masimulizi ya pwani yetu juu ya Fumo Liyongo. Shujaa yuko gerezani, amefungwa minyororo, anasubiri kuuawa. Kijakazi Saada anamletea chakula, na kila kilicho kizuri walinzi wanakila wao. Anayesikiliza anaona dhuluma tu, anaona hali duni ya mfungwa. Kisha mama anaoka mikate mizuri, na pamoja nayo mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wanachukua mizuri kama kawaida yao, wanamtupia mfungwa ule wa wishwa kwa dharau. Ombi lake la mwisho ni ngoma ya gungu, na kelele za vyombo zinafunika sauti ya tupa ikila chuma. Ulafi wa walinzi ulikuwepo tangu mwanzo ukifanya kazi yake ya kutuchukiza, na hatukudhani hata kidogo kwamba siku moja utafungua mlango. Mkombozi wake ni ubaya wa adui. Kila anayeandika fantasia kwa Kiswahili ausome Utenzi wa Fumo Liyongo kwa jicho la fundi, akiuliza kila beti: hili limewekwa hapa kwa sababu gani nyingine?

Kuna njia ya pili ya kuficha mbegu, nayo ni kuichosha. Katika simulizi ya Wasukuma ya Shing'weng'we, zimwi limemeza watu wote isipokuwa mama mmoja mjamzito. Mwanawe, Masala Kulangwa, anakua akiuliza aliko baba yake. Anaua panzi na kuja mbio kwa mama yake kushangilia kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama anamjibu: mwanangu, huyo ni panzi, tumchome tule. Anakuja na ndege, jibu ni lilelile. Anakuja na wanyama wakubwa zaidi, jibu halibadiliki. Furaha ya uongo inarudiwa mpaka sikio linaizoea na kuacha kuiamini. Ndipo siku moja inakuwa kweli. Ukitaka kujaribu mbinu hii, basi kengele ya uongo kuhusu maji mtoni ilie mara mbili, na mara zote mbili mji uaibike kwa kuiamini.

"Ni sawa, nimefurahi tu."

Sauti ya upole, ukurasa umefungwa, chai inaendelea kunywewa. Dalili hii inaumiza kuliko matusi. Mizizi ipo, mbegu imefichwa, lakini msomaji hajatikisika, kwa sababu hakuwahi kuanguka. Shujaa alikuwa bado na mpango. Alikuwa na rafiki mlimani, upanga wa akiba, mganga asiyeshindwa. Msomaji alikaa akisubiri tu kujua kipi kati ya hivyo kitafanya kazi.

Kupima ni rahisi. Andika kwa sentensi moja kile ambacho shujaa wako angefanya kama mgeuko usingekuja. Kama una jibu lolote zaidi ya kufa, kusalimu amri au kuwa mwovu, hujamshusha hadi chini.

J.R.R. Tolkien ndiye aliyelitafakari jambo hili kwa kina kuliko mwandishi mwingine wa fantasia ninayemjua. Katika mhadhara alioutoa mwaka 1939 huko St Andrews, Uskoti, uliochapishwa kama insha mwaka 1947, alieleza kwamba mgeuko wa ghafla wa furaha ndio kazi ya juu kabisa ya ngano, na kwamba haukatai kuwepo kwa huzuni na kushindwa. Unavihitaji. Kinachokataliwa ni kwamba kushindwa ndiyo neno la mwisho juu ya kila kitu. Na katika The Lord of the Rings, iliyotoka kati ya 1954 na 1955, aliifuata kanuni hiyo hadi mwisho unaotisha: Frodo, aliyepewa kazi ya kuitupa pete ya uovu kwenye mlima wa moto, baada ya safari yote ile anafika kwenye ufa wa moto na anashindwa. Hashindwi kwa nguvu. Anashindwa kwa nia. Anaidai pete kuwa yake. Hakuna mpango uliobaki. Kinachoikoa dunia ni Gollum, kiumbe aliyestahili kuuawa mara kadhaa na akaachwa hai kwa huruma, anayemng'ata Frodo kidole na kutumbukia nacho motoni pamoja na pete.

Sasa sikiliza sehemu ambayo kila fundi wa hadithi anapaswa kuijua. Huruma ya kwanza kwa Gollum ni ya Bilbo, aliyeimiliki pete kabla ya Frodo, gizani chini ya milima, katika kitabu cha awali cha Tolkien, The Hobbit. Lakini kitabu hicho kilipotoka mwaka 1937 huruma hiyo haikuwemo. Katika toleo lile Gollum alishindwa mchezo wa vitendawili, hakuwa na pete ya kutoa kama zawadi aliyoahidi, akamwonyesha Bilbo njia, wakaachana kwa adabu. Tolkien alipokuwa akiandika kitabu kikubwa aliona kwamba simulizi ile ya zamani haipatani na pete ya kitabu kipya, akarudi na kuiandika upya sura ya kitabu kilichokuwa tayari mikononi mwa watu. Toleo lenye Bilbo ameshika upanga gizani, anaweza kuua, na haui, lilitoka mwaka 1951. Kama yeye alikwenda nyuma hadi kwenye kitabu kilichokwisha kuuzwa, wewe ambaye mswada wako bado uko kwenye kompyuta huna sababu ya kuogopa kuigusa sura ya tatu.

Watu huwalaumu sana tai wa Tolkien, wakisema ndio wanaookoa kila mtu. Mlimani pale tai wanafika baada ya pete kuangamia. Wanawabeba watu wawili tu. Dunia ilikuwa imeshaokolewa na huruma.

Kwa Nyemo, basi, kushuka chini kabisa kuna sura hii: usiku wa mwisho, akiwa amelaumiwa na wote, anakubali kwamba walikuwa sahihi. Anaapa hatamhurumia mtu tena. Hapo ndipo chini. Maji yakija sasa hayaokoi mji peke yake, yanamwokoa na yeye dhidi ya kiapo chake.

"Imepita haraka, nilirudia kusoma kuona kama nimeelewa."

Hapa tatizo kweli liko kwenye ukurasa wa mgeuko, na ni la mwendo. Mwandishi ametumia kurasa hamsini kuzingira mji na mistari sita kuukomboa. Usiongeze maelezo ya maji. Maji yaache yapite kwa mistari michache, kwa mshindo. Unachoongeza ni watu wanaopokea habari. Furaha kubwa hatuioni kwenye tukio, tunaiona kwenye uso wa mtu ambaye bado hajajua.

Sam, mwenzake Frodo, anazinduka kitandani siku kadhaa baadaye, anamwona mzee aliyedhani amekufa, na anauliza kama basi kila lililokuwa la huzuni litageuka kuwa si kweli. Pale ndipo wasomaji wengi huvunjika, mbali kabisa na moto na mlima.

Katika mji wa Nyemo, mpeleke msomaji kwenye nyumba ya mwisho, kwa mama anayetwanga mtama kidogo uliobaki. Anasikia ngurumo chini ya miguu na kudhani ni adui. Anawakumbatia watoto. Kisha anasikia vigelegele kutoka ukutani, vinasogea nyumba kwa nyumba, na mtu anaanza kupiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kwa mikono inayotetemeka hata mapigo yanapishana. Mama yule bado hajui kilichotokea. Sisi tunajua. Mwache achelewe kujua kwa ukurasa mzima.

"Mbona wote wamepona?"

Furaha imefuta msiba. Waliokufa wamefufuka, nyumba zilizoungua zimejengwa, na msomaji anahisi kwamba machozi yake ya sura ya kumi yalichukuliwa bure. Hili ni kosa la kuwapenda mno wahusika, na nalielewa, lakini linaharibu.

Wazee wa Ugogo waliosimulia njaa kubwa ya Mtunya, iliyoanza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuendelea hadi miaka ya baada yake, walisimulia pia kwamba mvua zilirudi. Hakuna aliyesimulia kwamba mvua ziliwarudisha waliozikwa. Na katika baadhi ya masimulizi ya Shing'weng'we, watu wanapotoka tumboni mwa zimwi, kisu kilichowafungulia kimemkata mwanamke mmoja sikio, na hasira yake inamwandama mkombozi. Kijiji kizima kimerudi duniani, na bado kuna sikio lililokatika la kufidiwa. Msimulizi aliyeweka sikio lile alijua kazi yake.

Kwenye mfano wetu, jibu liko wazi na ni chungu. Mvulana aliyepewa maji alikuwa kambini. Nyemo anashuka mtoni alfajiri, mji ukiwa unacheza nyuma yake, kumtafuta. Usimwokoe. Mwache ampate, amzike upande wa mji wao, na wale waliomtaka afe wamsaidie kuchimba.

"Tena? Si juzi tu waliokolewa?"

Ugonjwa wa hadithi zinazotoka kipande kwa kipande kwenye simu. Kila kipande kinahitaji arosto, ile hamu ya kutaka kipande kinachofuata, kwa hiyo kila kipande kina maangamizi na wokovu. Fuata hesabu ngumu: mgeuko wa furaha ni mmoja kwa riwaya. Mingine yote igeuze iwe hila, bahati ndogo, msaada wa rafiki, au kushindwa kwa kweli. Arosto inaweza kutoka kwenye swali, haihitaji muujiza.

Dalili isiyo na maneno

Msomaji anakurudishia mswada, anasifia lugha, na kila mara anarudi kuzungumzia sura ya kabla ya mgeuko, kamwe si mgeuko. Umetengeneza kila kitu kilichotajwa hapo juu na bado. Fikiria kwamba hadithi yako ni tanzia, na imekuwa ikikuambia hivyo. Liyongo aliyetoka gerezani kwa mkate wa wishwa ni yuleyule aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, akafa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakiogopa kumkaribia kwa siku nyingi. Hakuna mafuriko yaliyokuja, na utenzi hauna pengo pale.

Ukiamua hivyo, usiufute mgeuko tu na kuacha mengine. Rudi sura ya tatu, uyaondoe mawingu ya Kondoa, maana mbegu iliyobaki itamfanya msomaji akae akisubiri maji hadi ukurasa wa mwisho. Ugomvi wa bibi uache. Ulikuwa na kazi yake. Kisima cha mchangani kiache pia, na mvulana anywe.